Wafinyanzi Hawakupiga Simu

Kadi zilikuwa elfu kumi na moja na ushei, na hapakuwa na hata moja ambayo Bi Kadi hakuwahi kuishika. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake wa ofisini miaka mingi iliyopita, kwa sababu alitembea na kadi mkobani, kadi mfukoni, na siku moja, katika harusi ya mpwa wake, kadi ilimdondoka kutoka ndani ya mtandio mbele ya maharusi, akainama kuiokota kabla hajawapa mkono. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti yaliyonung'unika kwenye kila ngazi, na siku tatu za kukamilisha kazi iliyoumaliza ujana wake.

Kazi yenyewe ilikuwa kamusi. Ilikusanya nahau za Kiingereza na kumfafanulia msomaji wa Kiswahili maana yake na namna zinavyotumika. Lakini haikuwa kamusi ya kukaa kitini na kufasiri. Mwalimu, mzee aliyeianzisha, aliiwekea kanuni ya maneno mawili: "Usifasiri. Kaulize." Kwa kila nahau, mkusanyaji alitakiwa kuwaendea watu watatu kazini kwao, awaeleze maana kwa maneno mepesi, kisha amuulize kila mmoja: na wewe, jambo hili ungelisemaje? Jibu liliandikwa kwenye kadi kama lilivyotoka kinywani, na chini yake kazi ya msemaji, mahali, na tarehe. Kadi isiyo na msemaji, Mwalimu alikuwa akisema, si kadi, ni karatasi.

Kanuni hiyo Bi Kadi aliijua kwa uchungu wa mwenye kovu. Katika mwaka wake wa kwanza kazini alimfuata fundi viatu mmoja, akakuta kibanda kimefungwa. Jua lilikuwa kali na njia ya kurudi ilikuwa ndefu, basi akaandika kile alichodhani fundi angesema. Mwalimu aliisoma kadi hiyo mara mbili, akavua miwani.

"Aliposema hivi, alikuwa amekaa au amesimama?"

Bi Kadi alitazama viatu vyake. Ofisi nzima iliinua vichwa. Mwalimu aliichana kadi katikati, bila hasira, akamrudishia vipande vyote viwili mkononi.

"Fundi bado yupo," alisema. "Nenda."

Alikwenda. Na jibu la fundi, alipolipata, lilikuwa zuri kuliko lake mara kumi. Vile vipande viwili vilikaa kwenye saraka ya meza yake kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo hakuandika tena neno ambalo hakulisikia.

Mkurugenzi aliingia saa tatu asubuhi akiwa ameshika karatasi moja kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba kitu cha moto. Alikuwa kijana kwa Bi Kadi, ingawa mvi zilikuwa zimekwisha kumvamia.

"Mama, shikamoo. Fomu ya uhakiki hii hapa. Wapiga chapa wanasema Ijumaa adhuhuri. Ikipita hapo, mtambo wanampa mtu mwingine, na sisi tunarudi rafuni."

"Marahaba. Tumekwisha kurudi rafuni mara mbili."

"Ya tatu tutaoza. Na Mwalimu ana miaka themanini na mitatu, mama. Akikosa hii, ijayo ataisomea wapi?"

Fomu ilikuwa na sentensi moja tu: Nathibitisha kwamba kila mfano uliomo umetoka kwa msemaji aliyetajwa. Chini yake palikuwa na mstari, na mstari ule ulikuwa wake. Hakuna mwingine aliyebaki ofisini ambaye angeweza kuusaini.

"Imebaki sura moja," Bi Kadi alisema. "Udhaifu. Hii aliikusanya Mwalimu mwenyewe."

"Basi hiyo si ya kuhakiki, hiyo ni ya kubusu na kupeleka."

"Kuna nahau moja ina msemaji mmoja badala ya watatu. Miguu ya udongo."

Mkurugenzi alijiachia kwenye kiti. "Niambie maana yake, labda nitakusaidia."

"Mtu mnayemwona mkubwa. Kichwa dhahabu, kifua fedha, kila mtu anamtazama. Halafu siku moja mnagundua kwamba miguu aliyosimamia ni udongo mtupu."

"Sasa si uandike tu kizuri hakikosi ila, tukapumzike?"

"Ila ya kizuri inaonekana, mwanangu, unaiona na unapenda hivyo hivyo. Hii iko chini, mahali ambapo anayependa hatazami, maana shingo yake imeinuka."

"Haya, Bi Kadi." Alicheka, lakini kwa uchovu. "Wengine wetu shingo zimekwisha kukakamaa. Ijumaa, mama. Nakuomba."

Msemaji pekee wa nahau ile aliandikwa hivi, kwa mwandiko mwembamba wa Mwalimu: mfinyanzi, safu ya wafinyanzi, nyuma ya soko. Tarehe ilikuwa ya miaka ishirini na miwili nyuma. Safu hiyo haikuwa mbali, na Bi Kadi aliona atapata hapo wasemaji wawili waliopungua kwa safari moja. Alivaa viatu vyake vya kutembelea, akachukua kadi tupu, akashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Wafinyanzi walikuwa wamebaki wawili. Mmoja alikuwa kwenye tanuru na hakutaka kusumbuliwa. Mwingine, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kijivu hadi viwikoni, alikuwa akizungusha gurudumu kwa mguu na kuinua ukingo wa mtungi kwa vidole viwili.

"Shikamoo, mama. Kaa hapo kwenye ndoo, si hiyo, hiyo imepasuka. Unataka cha ukubwa gani?"

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kununua. Nina swali, la ajabu kidogo."

"Ya ajabu ndiyo yanayokuja hapa. Jana mtu kaniuliza kama nina chungu kisichoshika masizi. Uliza tu."

Bi Kadi alimfafanulia kama alivyokwisha kuwafafanulia maelfu: mtu mkubwa, kichwa cha dhahabu, miguu ya udongo. Mfinyanzi alisikiliza bila kuacha gurudumu.

"Nani huyo?"

"Si mtu. Ni mfano."

"Kila mfano una mwenyewe, mama."

"Mwenzako wa zamani hapa alijibu hivi." Bi Kadi alivaa miwani, akasoma: "'Msifu, lakini umwombee jua, mvua ikinyesha, miguu yake itayeyuka iwe tope.'"

Gurudumu lilisimama. Mfinyanzi alimtazama, kisha akacheka kicheko kilichomwinua yule wa kwenye tanuru kichwa.

"Nani kasema hivyo?"

"Mfinyanzi. Wa hapa hapa."

"Hapana. Huyo hajakanda udongo hata wa kuchezea." Alitumbukiza mkono kwenye karai la maji machafu chini ya meza yake, akavua kigae cheusi, akakipangusa kwenye aproni na kumwekea Bi Kadi kiganjani. "Hiki kimo majini tangu mama yangu yu hai. Kimeyeyuka?"

Kilikuwa kigumu na baridi kama jiwe la mtoni.

"Udongo ukishapita motoni, maji si adui yake tena. Utavunjika, sawa. Utapasuka ukiwa na kiputo cha hewa ndani. Lakini kuyeyuka? Sisi hapa hakuna atakayekwambia utayeyuka, hata mlevi. Hayo ni maneno ya mtu wa vitabu." Alimtazama mgeni wake miwani na mkoba, akaongeza kwa upole, "Usikasirike lakini."

"Miaka ishirini na miwili iliyopita, hapa walikuwa nani?"

"Mama, mama mdogo, na mimi nakanyaga udongo. Watatu tu. Mtu wa kuuliza mambo ya miguu angekuja, tungemcheka mpaka leo."

Bi Kadi alikaa kidogo juu ya ndoo. Wangeweza kusahau, alijiambia. Watu husahau. Lakini kigae kilikuwa bado mkononi mwake, na kigae hakisahau.

"Na wewe," aliuliza mwishowe, kwa sababu kazi ni kazi, "ungelisemaje?"

Mfinyanzi alirudisha mguu kwenye gurudumu. "Ningesema, usikilaumu chungu kibichi, muulize aliyekiharakisha kutoka tanuruni."

Bi Kadi aliandika. Mfinyanzi, amekaa, safu ya wafinyanzi, tarehe ya leo. Mkono wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayeandika barua ya msiba.

Aliporudi ofisini hakukaa. Alivuta masanduku ya sura ya Udhaifu na kutoa kadi zote za Mwalimu za miaka sita ya mwisho, mia nne na sita, akazipanga kwa tarehe, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kulifanya, kwa kuwa kadi za kamusi hupangwa kwa nahau. Fundi cherehani wa mpakani, Jumatatu: uzi ukiwa mbovu usiisingizie sindano. Mpiga pasi wa upande wa pili wa nchi, Jumanne: mkunjo wake uko ndani, pasi haifiki. Muuza maziwa wa milimani, Jumanne hiyo hiyo: maziwa yenye maji hayajui kuganda. Kati ya watu hao watatu palikuwa na mwendo wa siku nne kwa barabara. Mwandiko wa kadi zote ulilala upande mmoja, kama ulioandikiwa gotini. Na alipoziinua karibu na uso akasikia, baada ya miaka yote hiyo, harufu hafifu ya dawa ya kuchulia mgongo.

Shingo yake mwenyewe, basi, ndiyo iliyokuwa imeinuka.

Alikumbuka miaka hiyo. Mke wa Mwalimu alikuwa amepooza kuanzia kiunoni, na ofisi nzima ilijua, na ofisi nzima ilimsifu Mwalimu kwamba hata hivyo, kila mwaka, alifunga mkoba na kwenda safari ya miezi mitatu ya kukusanya. Walimuaga kwa mikono mlangoni. Mgonjwa, alisema, amebaki na dada yake, na shemeji huyo hapendi wageni. Basi hakuna aliyekwenda kumjulia hali.

Kesho yake alasiri alibeba kadi mia nne na sita ndani ya kikapu na kwenda nyumbani kwa Mwalimu. Alikuwa ameamka na hasira, ameiogesha na kuivalisha. Lakini hasira nayo ni kazi inayotaka nguvu, na alipofika mlangoni ilikuwa imebaki nusu.

Binti wa Mwalimu, mwalimu wa chekechea aliyerudi kuishi na baba yake, ndiye aliyefungua.

"Shangazi! Karibu ndani. Baba anaoga, na baba akioga ni kama anahamia huko. Kaa nikupe maji." Alikichungulia kikapu. "Umeleta kazi nyumbani kwa mstaafu? Huna huruma."

"Sina, mwanangu."

"Kadi hizi!" Binti alichukua moja, akaitabasamia. "Nikiziona namkumbuka mama. Nilikuwa nikitoka shule, nasikia chumba kimejaa watu. Mzee anakohoa, mwanamke anabishania bei, fundi analalamika. Nafungua mlango, ni mama peke yake kitandani, na baba kwenye kiti, anaandika. Nikawa nauliza, wageni wametokea dirishani?"

Bi Kadi aliweka gilasi chini polepole.

"Baba alikuwapo? Miezi ile ya safari?"

"Safari ipi? Baba hajawahi kusafiri tangu mama alale kitandani. Mama mkubwa alikuja wiki moja, wakagombana, akaondoka." Binti alimtazama usoni, na tabasamu likamtoka. "Nimesema nini?"

"Umesema kweli," ilijibu sauti ya Mwalimu kutoka ukumbini. Alikuwa amesimama na fimbo, kanzu ya nyumbani imemganda mgongoni kwa maji. "Tatizo ni moja tu, hukuambiwa kwamba ni siri."

Alikaa. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kutoweza kusoma, akamwomba Bi Kadi asome alichokuja nacho. Bi Kadi alisoma kadi ya mfinyanzi, neno kwa neno, pamoja na mahali na tarehe. Kisha akaweka kigae mezani, kwa kuwa alikuwa ameondoka nacho bila kukusudia.

"Mfinyanzi wa kweli amesemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Amesema udongo uliochomwa hauyeyuki."

Mzee alipapasa kigae, akakigeuza. Mabega yake yalitikisika, na ilichukua muda kwa wanawake wawili waliokuwa wakimtazama kujua kwamba anacheka.

"Bila shaka," alisema. "Bila shaka hauyeyuki."

"Mwalimu, ulinichania kadi."

"Nilikuchania."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu. Wakati ule nilikuwa bado naenda, najiona nina haki ya kuchana." Aligeuza fimbo mikononi. "Ningemwacha na nani? Mwaka wa kwanza nilijiambia ni mara hii moja tu. Nikafunga mkoba, mkaniaga, nikazunguka nyuma ya jengo nikarudi hapa. Nilikusudia kuandika nahau chache na kuomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza. Aliniambia, nisomee hiyo unayohangaika nayo. Nikamfafanulia. Akafumba macho, akasema: subiri, nakuunganisha."

Bi Kadi alikuwa amesahau, na sasa alikumbuka. Mke wa Mwalimu alikuwa opareta wa simu. Kwa miaka ishirini na minne alikaa mbele ya ubao wa nyaya, akawaunganisha watu wa mikoa yote, na, kama maopareta wote, akawasikia.

"Akanitolea fundi cherehani," Mwalimu aliendelea. "Mzima mzima, na kikohozi chake. Akasema, huyu alikuwa akimpigia kaka yake kila Jumamosi, wanagombania urithi wa mashine ya kushonea. Halafu muuza maziwa. Halafu mpiga pasi. Mgongo haukumruhusu kugeuka kitandani, lakini aliizunguka nchi nzima. Ningewezaje kumwambia anyamaze kwa kuwa kanuni yangu inataka watu watatu?"

"Ungeandika ni yeye."

"Na ofisi ingejua niko nyumbani."

"Ndiyo."

"Ndiyo," alikubali mzee.

Kisha Mwalimu akainamisha uso na kusema jambo ambalo Bi Kadi hakuwahi kudhani angelisikia kwa sauti ile.

"Tia saini, dada yangu. Nisubirie tu nife. Toleo la pili uandike utakavyo. Sitakuwapo kuwasikia."

Hakuwahi kumwita dada. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akimwita kwa cheo. Bi Kadi aliona mikono ile iliyowahi kuchana kadi bila kutetemeka, sasa imeshikilia fimbo kwa nguvu kama mtu aliye ukingoni mwa daraja. Angeweza kusaini. Kalamu ilikuwa mkobani, fomu ilikuwa mkobani, na hakuna mfinyanzi ambaye angenunua kamusi. Alikuwa amechoka mno, na kusaini hakuhitaji nguvu.

"Siwezi," alisema. "Si kwa ubaya. Mkono umezoea vibaya. Wewe ndiye uliyeuzoesha."

"Basi zitupe zote. Mia nne na sita."

"Kamusi itabaki na shimo."

"Na mimi nitabaki na jina."

Ndipo binti aliposema. Alikuwa amekaa mkono wa kiti na rundo la kadi mapajani, akizisoma moja moja, midomo ikitembea.

"Kwa hiyo huyu muuza maziwa ni mama?"

Aligeuza kadi nyingine.

"Na huyu nahodha wa kivuko? Na huyu bawabu? Baba, hawa wote ni mama?" Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Maneno mia nne, na hakuna hata moja lililoandikwa kuwa lake. Mnabishana yatupwe au yaitwe ya watu wengine. Yeye atawekwa wapi?"

Uso wa Mwalimu, ambao ofisi nzima iliutazama kwa miaka mingi, ulikuwa sasa uso wa mzee tu, una maji ya kuoga kwenye masharubu.

"Sikulifikiri hivyo," alisema. "Nilifikiri nimejificha mimi. Sikuona kwamba nimemficha yeye."

"Tunaweza kubadilisha msemaji," Bi Kadi alisema. "Kadi kwa kadi. Opareta wa simu, nyumbani, kitandani. Na ukurasa mmoja mbele ya kitabu unaosema ilivyokuwa, wenye saini yako. Kisha nitaweza kuweka ya kwangu."

"Watanicheka."

"Watakucheka."

"Kwa muda mrefu?"

"Wewe una miaka themanini na mitatu, Mwalimu. Hawana muda huo."

Binti alicheka kwanza, kwa kushtukia, huku akifuta macho. Mzee naye akatikisa kichwa, kama mtu aliyepigwa bao kwenye mchezo alioufundisha mwenyewe.

"Mama huyu," alisema. "Nilimfundisha kuuliza, sikumfundisha kujibu. Soma basi. Lakini soma polepole, nitakwambia yupi ni yupi."

Walianza. Bi Kadi alisoma, Mwalimu aliinamisha kichwa kusikiliza, na binti alifuta msemaji wa zamani kwa mstari mmoja na kuandika mpya juu yake. Ilikuwa kazi ya taratibu na ya kuchosha, kama kuchambua mchele kwenye mwanga hafifu. "Yeye," Mwalimu alisema. "Yeye. Huyo ni yeye, alikuwa na homa siku hiyo. Yeye." Mara mojamoja aliomba kadi irudiwe, na Bi Kadi aliirudia bila kuuliza sababu.

Walipofika kwenye kadi ya mfinyanzi, Mwalimu alitikisa kichwa.

"Hiyo ni mimi," alisema. "Tazama tarehe. Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika. Ilikuwa imebaki nahau hiyo moja kumaliza sura. Nikakaa kwenye kiti changu pale chumbani, nikaisoma kwa sauti, nikasubiri aniunganishe." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kigae. "Na hata angekuwapo, sidhani kama angenipatia. Wafinyanzi hawakupiga simu."

Alinyoosha mkono. Bi Kadi alimpa kadi. Mzee aliipapasa ili kuijua katikati yake, akaichana, akamrudishia vipande vyote viwili.

Bi Kadi aliviweka mkobani. Kisha akatoa kadi tupu, akavaa miwani, na kumfafanulia Mwalimu nahau ile kwa maneno mepesi, bila kuharakisha na bila kuruka neno, kama alivyofundishwa: mtu mkubwa, kichwa cha dhahabu, watu wote wakimtazama, na miguu ya udongo.

"Na wewe," alimuuliza, "jambo hili ungelisemaje?"

Mwalimu aligeuza uso dirishani. Nje mtu alikuwa akifagia, na mfagio ulisikika ukienda na kurudi.

"Ningesema: mlinitazama usoni nikashukuru, maana huku chini nilikuwa mbichi."

Bi Kadi aliandika kama ilivyotoka kinywani. "Kazi ya msemaji? Niandike mkusanyaji?"

"Hapana. Miaka hiyo sikukusanya kitu. Andika muuguzaji." Alisikiliza mkwaruzo wa kalamu mpaka ukakoma. "Umeweka kwamba nimekaa?"

"Nimeweka."

"Na tarehe?"

"Bado."

"Weka tarehe. Na ukiwa na mfinyanzi wako, sisi ni wawili tu. Bado unatakiwa mmoja."

"Najua, Mwalimu."

Aliweka tarehe. Fomu ya uhakiki ilikuwa bado mkobani, mstari wake mtupu, na Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Kikapuni zilikuwa zimebaki kadi mia tatu na tisini. Bi Kadi alinyoosha magoti yake chini ya meza, moja baada ya jingine, akachukua iliyofuata, akaanza kusoma.

"Yeye," alisema Mwalimu, macho ameyafumba.